Nyota Tulizozishona Baraka

Mmeniomba niandike miaka yangu ya kazi, ninyi vijana wa chumba cha kushonea. Nimekubali kwa sababu sasa nina nafasi ya kukaa, na kwa sababu nikiwaachia wenyewe mtaandika kwamba nilikuwa mpole. Sikuwa mpole. Mishahara sitaitaja, wala vyeo. Vyote viwili havijazi hata mstari. Nitawaambia jinsi nilivyoingia, nani alinifundisha, na kwa nini kile kitambaa cha zamani kilichozungushwa juu ya kabati nimewakataza kukigusa kwa sabuni. Nitaandika Kiswahili cha vitabu, jinsi Monitere Asukulu, mwalimu wa shule, alivyonizoeza. Bamama, yaani wanawake wa kwetu, wakianza kusema, nitawaacha waseme kwa mdomo wao.

Watu wanadhani nyota ni habari ya usiku. Mimi usiku nililala. Nyota ninazozijua nilizijua mchana, kwa makasi na sindano, jasho likinitiririka mgongoni chini ya paa la bati.

Nilizaliwa kijiji cha Swima, na baba yangu alikuwa mhunzi. Miaka michache kabla ya Uhuru nilipelekwa mji wa Baraka, kando ya ziwa, kwenye fwaye, ile nyumba ndefu ya matofali walimofundishwa bamama kushona. Nilipewa miezi mitatu ya kujaribiwa. Mwisho wa miezi hiyo inspekteri wa shule angepita, aangalie kazi yangu, kisha ama aandike jina langu katika kitabu cha wafanyakazi ama nirudi nyumbani. Shangazi alinisindikiza hadi njia panda na kuniambia bila ubaya wowote, "Faida, mi nakungojea. Miezi tatu inapita mbio, na ndagala haijianike yenyewe."

Ndagala, yaani dagaa, sina neno nazo, nazila hadi leo. Lakini nilikuwa nimezianika mchangani tangu utoto, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniuliza nionavyo juu ya jambo lolote.

Siku ya kwanza sikupewa sindano. Nilipewa sumaku, nikaambiwa nitambae chini ya cherehani zote nne na kuokota sindano na pini, maana bamama walikuja na watoto wao na watoto hawakuvaa viatu. Wiki mbili zilizofuata nilifumua tu. Nilifumua mikono, nikafumua makola, nikafumua suruali ya katekista mmoja ambaye aliongezeka mwili kila Pasaka. Nawaambia ukweli, anayejua kufumua bila kuchana ameshajua nusu ya kazi. Ninyi mnafumua kama mnaonyonyoa kuku.

Aliyetuongoza aliitwa Mama Feza. Alikuwa ameshona tangu ujana wake, na nilipomkuta, miguu ilikuwa imekataa kukanyaga cherehani na macho hayakuona tena tundu la sindano. Hakushona hata pindo moja. Alikaa kitini karibu na dirisha la upande wa ziwa, na kila aliyekwama alikwenda pale. Alipapasa kitambaa kwa kidole gumba, akakwambia ulipokosea. Mara ya kwanza nilipompelekea kazi yangu niliinyoosha mbele yake kwa majivuno.

"Weye mutoto ya mufua-chuma, usinionyeshe mbele," akasema. "Mbele kila mutu anajua kudanganya. Geuza."

Nikageuza. Akaangalia mafundo yangu ya uzi upande wa nyuma kwa muda mrefu, kisha akanirudishia nifumue.

Kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote, na hakuna aliyeivunja. Mtu alipofariki jamaa zake walituletea kitambaa cheupe, nasi tukamshonea sanda. Sanda haikupigwa fundo. Uzi ulirudishwa mara tatu mahali pamoja, basi. "Mwenye kwenda, usimufunge," alisema Mama Feza. Sindano ya sanda ilikuwa na kibweta chake, haikuchanganywa na nyingine, na kitambaa cha sanda hakikuwekwa meza moja na nguo za watoto. Hayo mnayajua, kwa sababu nami niliwapigia kelele kwa ajili yake.

Mwezi wa pili ulikuwa unaisha alipoingia Monitere Asukulu na baiskeli yake mpaka ndani, jambo lililokatazwa. Alifundisha darasa la mwisho la shule ya msingi. Alikuwa mwembamba, msemaji, na zile picha kubwa za karatasi za kufundishia alizibeba kwa baiskeli shule hata shule, kando ya ziwa.

"Mama Feza," akasema, "muchwa bamekula moyo ya mutu. Bamekula na mapafu. Imebakia mifupa tu."

"Pole," akajibu Mama Feza. "Sasa unataka tukushonee mapafu?"

"Mapafu itangojea. Munishonee nyota. Maisha ya nyota, kutoka kuzaliwa mpaka mwisho. Karatasi hapa kwetu haidumu, ikikosa muchwa inaoza. Kitambaa nitazungusha, nitafunga ku baiskeli, na inspekteri akikuja ataona somo lenye hajaona pahali ingine."

Bamama wote wakaacha kukanyaga. Mmoja akauliza nyota inazaliwaje, na nani ndiye mama yake. Asukulu akafungua kaye, daftari alilorudi nalo kutoka mafunzo ya walimu, akatusomea. Mama yake ni wingu, akasema, wingu jeusi la moshi na vumbi, kubwa kupita akili. Linajivuta lenyewe, linajikusanya, linajibana mpaka katikati panakuwa pa moto, siku moja panawaka. Nyota inakaa hivyo ikiwaka miaka isiyohesabika, kama jua letu, maana jua nalo ni nyota tu iliyo karibu. Siku chakula chake cha ndani kinapopungua, inageuka nyekundu. Kisha inavua ngozi yake ya nje, na katikati inabaki kitu kidogo, cheupe.

"Wingu, nyota ya manjano, nyota nyekundu, nyota ndogo nyeupe," akahesabu Mama Feza. "Na juu ya nini nyekundu ni ya uzee? Nyekundu ni moto mukali. Iwe ya ujana."

Asukulu akakuna kichwa. Kaye yake ilisema nyekundu ina moto mdogo kuliko nyeupe na ya bluu, lakini haikusema kwa nini, naye hakuweza kubishana na Mama Feza kwa kaye peke yake. Akazungusha macho chumbani mpaka yakanifikia mimi, niliyekuwa sakafuni na sumaku yangu.

"Weye unaonaje?"

Sikuwahi kuulizwa hivyo. Nilisimama, nikasema kwamba kwa baba yangu chuma kikiwa chekundu bado ni mapema. Kikizidi moto kinakuwa cha manjano, na kikifika cheupe unarudi nyuma hatua mbili ulinde macho. Nikasema mvukutaji akichoka chuma kinapoa, na kinarudi kwenye wekundu kabla ya kuwa cheusi.

Mama Feza akanitazama kana kwamba nilikuwa kitambaa kilichogeuzwa. "Akate yeye," akasema. Hivyo ndivyo kitambaa cha nyota kilivyokuwa kazi yangu ya kujaribiwa. Sikulala vizuri usiku ule kwa furaha, na Monitere ndiye wa kulaumiwa.

Tulichukua shuka la bluu nzito, upana wa ubao wa darasa. Wingu tulilitengeneza kwa kikwembe cheusi cha kujifunga kilichochakaa, tukakichana pembeni nyuzi zining'inie. Nyota ya manjano niliikata kwa kufuatisha sinia. Asukulu alitaka pia nyota moja kubwa ya bluu, ya zile zisizozeeka kwa utulivu bali hupasuka na kutawanya kila kitu. Tukamshonea mpasuko wake kwa vipande vya rangi zote vilivyokuwa chini ya meza. Alituambia kwamba chuma chote kinapikwa ndani ya nyota kubwa namna ile, na kwamba hata nyundo ya baba yangu ilitoka huko. Nilimtumia baba habari hiyo kwa mchuuzi wa samaki. Jibu lilirudi baada ya siku nne: baba anauliza walitumia makaa ya mti gani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa nyota ya uzee. Niliikata ndogo, kama kisahani cha chai. Mama Feza alikubali kabisa. "Muzee anakonda," akasema. "Mi nilikuwa munene, sasa muniangalie." Asukulu alipokuja kuangalia alishika tumbo kwa kicheko.

"Faida, hii ni nyota ao ni kidonge ya malaria? Ikizeeka inavimba. Inakuwa kubwa kupita yote. Hata hili jua letu litavimba siku moja, litafika mpaka hapa."

"Lini?" akauliza mama mmoja, ameshika mtoto wake.

"Si leo, mama. Muko na wakati ya kumaliza."

Bamama walicheka wiki nzima. Nyota inakufa ikinenepa, walisema, basi na sisi tuko vizuri. Mimi sikucheka sana, kwa sababu kitambaa chekundu nilikuwa nimekimaliza kwa kukatakata vibaya, na zilibaki siku tisa inspekteri aje. Kosa lile mlikumbuke kila mnapokata: uliza ukubwa kwanza, rangi baadaye.

Jumamosi nilikwenda sokoni na kuomba. Sikuwa na haya. Niliziona mawazoni ndagala zikinisubiri Swima. Niliwaeleza bamama wa soko habari yote ya nyota inayovimba, na wao wakanieleza habari za wakwe zao. Mama wa mihogo alinipa kilemba chake cha zamani. Waprotestanti walinipa utepe wa kwaya, Wakatoliki waliposikia hivyo wakanipa utepe mrefu zaidi. Mama mmoja wa milimani, aliyeteremka na siagi yake kutoka upande wa Minembwe, alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka kwa kuziba mdomo, kisha akachana pindo jekundu la nguo yake pale pale. Nilirudi na wekundu wa aina kumi na moja. Nilipouunganisha, nyota ile ilionekana inachemka yenyewe. Mama Feza alipapasa mishono, akageuza nyuma, akapapasa tena. Hakunirudishia. Niliona dunia yote ni yangu.

Ikabaki ile ndogo nyeupe. Nilichukua kipande cha kitambaa cheupe, nikakikata duara, nikakiweka mahali pake. Mama Feza alipokipapasa, mkono wake ulisimama.

"Hii njo ile ya kufa?"

"Njo ile ya mwisho, Mama."

"Cheupe. Ya kufa. Juu ya kitambaa ya batoto." Akakiondoa taratibu na kukiweka mapajani pake. "Na utashona na sindano gani? Hapana, Faida. Hatushone sanda ku masomo. Acha hivi."

Ningeweza kumwambia Monitere. Kila siku alipita na baiskeli yake akiuliza kama mambo yanaendelea, na kila siku nilimjibu yanaendelea. Kumvunjia Mama Feza heshima sikuweza, na kumkatisha tamaa Monitere sikuweza. Hivyo nikachagua kunyamaza, ambayo ndiyo njia mbaya kuliko zote. Jumapili kitambaa kilizungushwa na kufungwa kamba. Jumatatu asubuhi Monitere akakitundika ukutani mwa darasa bila kukichunguza, kwa sababu gari la inspekteri lilikuwa limeshaingia uani kutoka Fizi.

Inspekteri alikuwa Mzungu mrefu aliyejifunza Kiswahili kwa kuamuru tu. Alikaa mbele na kitabu cha majina magotini. Wanafunzi walijaa, na bamama wa fwaye tukasimama nyuma, Mama Feza akiwa amekalishwa kwenye benchi. Monitere alifundisha vizuri siku ile. Fimbo yake ilitoka kwenye wingu, ikaenda kwenye manjano, ikapita kwenye mpasuko ambapo wanafunzi wote walisema aaa, ikaizunguka ile nyekundu ya aina kumi na moja. Halafu ikaenda kulia na kutua kwenye shuka tupu.

Fimbo ikakaa pale. Asukulu aliisogeza kidogo, kama anayetafuta ufunguo mfukoni.

"Na mwisho iko wapi?" akauliza inspekteri.

Akageuka nyuma, akauliza nani alikata kitambaa. Nikainua mkono. Akauliza kama ni mimi yule wa kujaribiwa, nikasema ndiyo, akafungua kitabu chake na kutoa kofia ya kalamu. Nilijua kwamba nikisema nimekatazwa nitamtia Mama Feza aibu mbele ya watoto wote wa Baraka, na nisiposema nitalala Swima wiki hiyo hiyo. Nikasema, "Nimesahau, bwana."

Nilisikia benchi likilia. Mama Feza alikuwa anasimama, mkono mmoja ukutani.

"Monitere," akasema, "mi niko na swali. Ile nyota ya mwisho, imekufa ao haiyakufa?"

Asukulu alifikiri. Namheshimu mpaka leo kwa kufikiri kwake siku ile, maana alikuwa na jibu la kaye lililo fupi. "Mama, haichome kitu tena," akasema. "Kazi yake ya kuwaka imeisha. Lakini moto yenye ilikusanya ikiwa inafanya kazi, ingali nayo. Inakaa tu pale, ndogo, inatoa ile moto pole pole. Muda murefu sana. Kupita hata ile wakati yote ilikuwa inawaka."

"Haifanye kazi, inakaa tu, inagawa yenye iko nayo."

"Njo vile, Mama."

"Ee," akasema Mama Feza. "Sasa hiyo si mufu. Hiyo ni mi."

Darasa zima lilicheka, na yeye alicheka kuliko wote. Akaja mbele polepole, akishikilia madawati. Alivaa blauzi yake ya Jumapili yenye vifungo vyeupe vya gamba la konokono. Akakata cha juu kwa makasi madogo aliyotembea nayo siku zote shingoni, akavuta kikwembe kufunika mahali palipoachwa wazi, akaninyooshea sindano na uzi. "Faida, nitilie uzi, mi sione."

Nikamtilia. Mara ya tatu ndipo uzi ukaingia. Mama Feza akachukua mwisho wa uzi, akauzungusha kwenye kidole, akapiga fundo. Akaniangalia aone kama nimeona. Kisha akapiga la pili juu ya lile la kwanza. Akashona kifungo mahali pale patupu yeye mwenyewe, kwa kupapasa, mbele ya inspekteri aliyekuwa bado ameshika kofia ya kalamu. Alipomaliza, akamwambia kwa adabu yote, "Bwana, mutoto hakusahau. Mi njo nilimukataza. Andika jina yake: Faida, ya Swima. Anajua kukata, na anajua kunyamazia bakubwa, lakini hiyo ya pili nitamufundisha aache."

Akaandika. Niliona kalamu ikitembea. Nilitoka nje, nikaenda nyuma ya darasa, nikalia kwa furaha kama mjinga, kisha nikarudi kwa sababu nilikumbuka sumaku yangu niliyokuja nayo imebaki sakafuni.

Baada ya hapo tulishonea shule masomo ya kila namna. Mapafu yalikuja kweli. Moyo tuliushona kinyume, kushoto ikawa kulia, na darasa moja likajifunza hivyo mwaka mzima bila kudhurika. Ramani tuliirudia mara mbili kwa sababu wana wa wavuvi walikataa ziwa lao kuwa dogo vile. Kwa wanaotaka kujua mambo ya kazi: rangi nyekundu huchuja kwanza, ifueni peke yake, kitambaa cha masomo kizungusheni, msikikunje, na kila anayewaletea mchoro muulizeni ukubwa.

Mama Feza aliendelea kukaa dirishani miaka mingi. Alipofariki, sanda yake niliishona mimi, bila fundo, kwa sindano ya kibweta, kama alivyonifundisha.

Kitambaa cha nyota mmekiona kilivyo sasa. Manjano imepauka, wekundu wa aina kumi na moja umebaki wa aina moja, nao ni kahawia. Mishono yangu nimeirudia mara nyingi. Kifungo hakijawahi kurudiwa, na ndiyo maana sitaki sabuni iuguse uzi wake. Bado ni cheupe vile vile, na ukigeuza nyuma utayakuta mafundo mawili, moja juu ya jingine.

Mwezi uliopita mliponiaga kazini, mlisimama mstari mkiwa na nyuso za msiba, mkanitandikia mabegani kitambaa kikubwa, cheupe kabisa, mlichokishona wenyewe kwa siri. Nakiri nilishtuka. Nilisema moyoni, hawa watoto tayari wamenishonea sanda. Mkubwa wenu akaanza hotuba, lakini sikuisikiliza. Nilivua kile kitambaa mbele ya wageni wote, nikakigeuza, nikaupapasa upande wa nyuma kwa kidole, pindo lote, kona hata kona.

Kila uzi ulikuwa na fundo.

Basi kesho nakuja. Wekeni kiti karibu na dirisha.